Felix Wankel: karani wa vitabu aliyeifanya pistoni izunguke

Msimu wa pamba unapoanza Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu hapa mkoani Simiyu, mji husikika kabla haujaonekana. Malori yanapanga foleni, bodaboda zinapita na magunia, na mashine za kusaga zinaunguruma tangu alfajiri. Milio ni mingi lakini kazi ndani ya chuma ni ileile. Pistoni inapanda, inasimama, inashuka, inasimama tena. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni imesimama mara 6,000 katika dakika hiyo moja. Fundi yeyote aliyefungua injini iliyonoki anajua gharama ya kusimama huko: ringi zilizokwisha, beringi zilizolika, vali zilizopinda.

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na wasikilizaji wetu wa upande huo, limo moja linalorudi mara kwa mara. Je, kuna injini ambayo haina kitu cha kupanda na kushuka? Na kama ipo, inaweza kurusha ndege ndogo ambayo mtu ameijenga mwenyewe? Wanaouliza hawafanyi mzaha. Meatu inapakana na Pori la Akiba la Maswa, na ng'ambo yake ni Serengeti, kwa hiyo ndege ndogo si kitu kigeni machoni pa watu wa huko. Na sote tumewaona kwenye habari vijana wa Tanzania, Kenya na Uganda waliounganisha vyuma na injini za pikipiki au za gari wakitaka kupaa.

Jibu la maswali yote mawili ni ndiyo, ingawa la pili lina masharti. Injini hiyo ina jina la mtu, na maisha ya mtu huyo yana mambo ya kustaajabisha na mengine ya kuaibisha. Tumeona tuyaeleze yote.

Mtoto wa bwana misitu

Felix Heinrich Wankel alizaliwa tarehe 13 Agosti 1902 katika mji mdogo wa Lahr, kwenye eneo la Baden, kusini magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, Rudolf, alikuwa ofisa wa misitu. Felix alikuwa mtoto pekee. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914 baba aliitwa jeshini, akauawa katika wiki za mwanzo kabisa. Mama yake, Gerty, alihamia Heidelberg na kijana wake.

Shuleni Felix hakung'ara. Aliacha masomo mwaka 1921 bila cheti cha kumpeleka chuo kikuu, na hata kama angekipata, fedha za kumsomesha hazikuwapo. Macho yake nayo yalikuwa mabovu mno, hakuona mbali. Hadi anakufa hakuwahi kuwa na leseni ya udereva, jambo ambalo si la kawaida kwa mtu ambaye jina lake limo ndani ya boneti za magari. Alipata kazi ya kujifunza ununuzi na uuzaji katika kampuni ya vitabu ya Carl Winter, Heidelberg. Mchana alipanga vitabu. Jioni, kuanzia mwaka 1924, yeye na rafiki zake walikuwa na banda uani walimoweka mashine, wakawa wanachonga vyuma.

Hapo ndipo tunapopaona sisi kuwa moyo wa habari yake. Hakuwa mhandisi. Hakuwahi hata kusomea ufundi rasmi. Alikuwa kijana wa banda, kama wale wa nyuma ya stendi ya Mwanhuzi wanaochomelea trela za matrekta, na kichwani alikuwa na wazo lililomshika tangu akiwa na miaka 17: injini ambayo nusu yake ingekuwa turbini na nusu yake pistoni. Hakuwa na hesabu za kulithibitisha. Alikuwa na picha tu kichwani, namna vitu vinavyozunguka na kugusana bila kuachana. Mwaka 1929 alipata hataza yake ya kwanza ya injini ya kuzunguka. Haikufanya kazi, na zilizofuata kwa muda mrefu nazo hazikufanya kazi.

Sare na jela

Sehemu hii ya maisha yake huachwa mara nyingi na wapenzi wa magari. Tangu mwaka 1921 Wankel alijiunga na vikundi vya Heidelberg vilivyohubiri chuki dhidi ya Wayahudi, na mwaka 1922, akiwa na miaka 20, aliingia katika chama cha Hitler. Huo ulikuwa mwanzo kabisa, wakati wengi wa Wajerumani hawakukijua chama hicho, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba alifuata mkumbo. Aliandaa vijana, akawafundisha mazoezi ya kijeshi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 akapewa kuongoza vijana wa chama katika Baden.

Akagombana na mkuu wa chama wa Baden, Robert Wagner. Wankel alimshutumu hadharani kwa ufisadi. Wagner alimvua madaraka, na Oktoba 1932 Wankel akafukuzwa chamani. Miezi michache baadaye chama kikashika nchi, na Machi 1933 Wagner akamtia Wankel jela palepale Lahr alikozaliwa. Alitoka Septemba. Aliyemtoa ni Wilhelm Keppler, mshauri wa Hitler wa mambo ya uchumi, mtu wa Baden aliyekuwa akiupenda ufundi wake kwa miaka kadhaa. Na Hitler mwenyewe alihusika.

Kwa hiyo aliwekwa jela na utawala aliousaidia kuzaliwa, kisha akatolewa na utawala huohuo, na kisha akaufanyia kazi. Baada ya muda BMW, Wizara ya Anga ya Ujerumani ilimjengea karakana yake mwenyewe Lindau, kando ya ziwa Constance, mwaka 1936. Mwaka huohuo alimwoa Emma Kirn, hawakujaliwa watoto. Mwaka 1940 aliingizwa katika kikosi cha SS kwa cheo kilicholingana na luteni kanali, na miaka miwili baadaye akaondolewa.

Pale Lindau hakujenga injini ya kuzunguka. Alipewa kazi ya vali za kuzunguka, yaani badala ya vali zinazopigwa na kufunguka kama za pikipiki, kisahani kinachozunguka juu ya silinda na kufungua tundu kwa zamu. Zilikusudiwa injini za ndege za kivita na za topido. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo hakuna chuo kilichokuwa kikilifundisha wakati huo: jinsi ya kuzuia gesi ya moto yenye shinikizo kubwa isipenye kati ya vyuma viwili vinavyoteleza. Alijifunza kwamba sili nzuri haitegemei springi peke yake. Lazima gesi yenyewe iisukume sili ijibane, na sili za pande mbalimbali zikutane bila kuacha mwanya. Elimu hii ilipatikana kwa fedha za vita vya Hitler. Injini iliyokuja baadaye ilisimama juu yake.

Mwaka 1945 jeshi la Ufaransa lilifika Lindau. Karakana ilifungwa, vifaa vikachukuliwa, na Wankel akawekwa kizuizini kwa miezi kadhaa. Alipotoka alikatazwa kuendelea na utafiti. Alirudi palepale alipoanzia: mtu asiye na cheti, akichora nyumbani.

Namna inavyofanya kazi

Kabla ya kuendelea, tuseme neno juu ya jina rotari, maana limetumika kwa vitu viwili. Karibu mwaka 1908 ndugu Seguin wa Ufaransa walitengeneza injini ya ndege iitwayo Gnome. Hiyo ilikuwa na pistoni na silinda za kawaida, isipokuwa shafti ilifungwa imara kwenye mwili wa ndege na silinda zote zikazunguka pamoja na propela. Ndege za Sopwith ambazo Waingereza walizileta kwenye delta ya Rufiji mwanzoni mwa mwaka 1915, kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg, zilikuwa na injini za aina hiyo. Zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Rotari ya Wankel ni kitu kingine kabisa.

Chukua karanga yenye punje mbili, ile iliyobanwa kidogo kiunoni. Ikate kwa urefu. Umbo hilo ndilo ganda la injini. Ndani yake weka pembetatu ya chuma yenye pande zilizobinuka kidogo. Hiyo ndiyo rota. Ncha zake tatu zinagusa ukuta wa ganda wakati wote, hata kiunoni. Katikati ya rota inapita shafti yenye tumbo lililotoka pembeni, na rota inapozunguka inayumba juu ya tumbo hilo. Kati ya kila upande wa rota na ukuta kuna chumba, na chumba hicho kinapanuka na kusinyaa kadiri rota inavyokwenda. Kikipanuka kinavuta hewa na petroli, kikisinyaa kinagandamiza, plagi inawasha, gesi inasukuma, kisha moshi unatoka. Ni kazi nne zilezile za pikipiki, ila hakuna vali na hakuna kinachorudi nyuma. Rota ikizunguka mara moja, shafti imezunguka mara tatu. Kwa hiyo kila mzunguko wa shafti una mlipuko mmoja kwa kila rota, wakati silinda ya bodaboda hulipua mara moja katika mizunguko miwili.

Ukifungua injini ya rota mbili unakuta vitu vikubwa vitatu tu vinavyozunguka: rota mbili na shafti.

Farasi wa mbio na farasi wa plau

Mwaka 1951 Wankel aliingia mkataba na NSU ya Neckarsulm, kampuni ambayo katika miaka hiyo ilikuwa kubwa mno katika pikipiki. Mwaka 1954 umbo sahihi lilipatikana. Tarehe 1 Februari 1957 injini ya kwanza, iliyoitwa DKM 54, iliwaka. Chumba chake kilikuwa na ujazo wa sentimita 125 za mchemraba, namba ambayo mwendesha bodaboda anaijua vizuri, lakini ilizunguka hadi mara 17,000 kwa dakika.

Katika mashine hiyo vyote viwili vilizunguka, rota na ganda lake, kila kimoja kwenye mhimili wake. Ilikuwa laini ajabu, na hilo ndilo Wankel alilolitaka. Lakini ili kubadilisha plagi ilibidi injini ifunguliwe. Mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke, alifanya jambo ambalo fundi yeyote wa kijijini angelielewa: aliligandisha ganda lisizunguke, akaiacha rota izunguke na kuyumba. Toleo lake liliwaka mwaka 1958. Wankel alipolijua alikasirika. Alilalamika kwamba walikuwa wamemgeuza farasi wake wa mbio kuwa farasi wa kuvuta plau.

Sisi tunampa Paschke haki yake. Rotari zote zilizowahi kuuzwa katika magari ni za muundo wake, wala hakuna hata moja inayofuata ule wa kwanza wa Wankel. Jina lililobaki ni la Wankel, na hilo ni jambo la kawaida katika historia ya mashine, lakini si la haki sana.

Mambo yalikwenda kasi. Oktoba 1958 kampuni ya injini za ndege ya Marekani, Curtiss-Wright, ilinunua leseni. Kwa bahati, wakati huohuo Mjerumani mwingine, Michael Grzimek, alikuwa juu ya Serengeti na ndege yake ya Dornier iliyopakwa milia ya pundamilia, akihesabu nyumbu pamoja na baba yake Bernhard. Ndege hiyo ilikuwa na injini ya pistoni ya Lycoming. Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959 ndege ilipogongana na tai. Injini haikuhusika na kifo chake. Tunamtaja kwa sababu ndege za namna hiyo ndizo Wamarekani walizozilenga waliponunua leseni ya Wankel.

Baada yao wakaja wengine wengi. Toyo Kogyo ya Hiroshima, ambayo leo tunaiita Mazda na wengi wetu tunaijua kwa Demio, ilitia saini mwaka 1961. Walipoiwasha walikuta ncha za rota zinakwaruza ukuta na kuacha mistari kama ya kucha. Wajapani waliiita kucha za shetani. Mhandisi Kenichi Yamamoto na kundi lake la watu 47 walihangaika miaka kadhaa, hadi wakapata sili za kaboni iliyochanganywa na aluminiamu. Gari lao, Cosmo Sport, likaingia sokoni mwaka 1967.

NSU hawakusubiri hivyo. Mwaka huohuo walitoa Ro 80, gari zuri lililochaguliwa kuwa gari la mwaka barani Ulaya kwa 1968. Sili za ncha zikaisha mapema. Wateja walirudisha magari, na NSU ikawa inabadilisha injini nzima kwa gharama yake. Mwaka 1969 kampuni ilimezwa na Volkswagen. Ilipofika 1977 utengenezaji ulisimamishwa, baada ya Ro 80 takriban 37,000 tu. Kabla ya hapo bei ya mafuta ilikuwa imepanda mwaka 1973, na injini inayokula petroli haikuwa na mtetezi. General Motors, waliokubali kulipa dola milioni 50 kwa leseni, waliiacha mwaka uliofuata.

Fedha zilizopitia kwetu

Wankel mwenyewe hakufilisika. Alikuwa na fungu lake katika ada za leseni, na mwaka 1971 fungu hilo liliuzwa kwa makumi ya mamilioni ya maki za Kijerumani. Mnunuzi hakuwa kampuni ya magari. Alikuwa Lonrho.

Wasikilizaji wetu wenye umri watalikumbuka jina hilo. Lonrho ilikuwa kampuni ya London iliyoanzia migodini na mashambani Rhodesia, na chini ya Tiny Rowland ilienea karibu Afrika nzima. Mwaka 1967 ilinunua magazeti ya Standard ya Afrika Mashariki, la Nairobi na la Dar es Salaam. Lile la Dar es Salaam lilitaifishwa na serikali ya Mwalimu Nyerere Februari 1970, na baadaye likawa Daily News. Mwaka mmoja tu baada ya kunyang'anywa gazeti, Lonrho ikamiliki sehemu ya injini ya Kijerumani. Mwaka 1978 Tanzania iliitoa kabisa Lonrho nchini kwa sababu ya biashara zake na tawala za makaburu na walowezi kusini mwa Afrika.

Hatudai kwamba chai ya Mufindi ndiyo iliyomlipa Wankel. Tunachosema ni kwamba kampuni iliyochuma sehemu kubwa ya faida yake Afrika iliona vema kuweka fedha zake katika sili za ncha, na mtu aliyepokea fedha hizo alikuwa amevaa sare ya SS miaka thelathini kabla.

Nani anaitaka angani?

Turudi kwenye swali la Mwanhuzi. Rotari inavutia wajenga ndege kwa sababu tatu: ni nyepesi kwa nguvu inayotoa, ni ndogo hata ikaenea kwenye pua nyembamba, na haitikisiki sana. Wapenzi wake huongeza ya nne, kwamba ikiharibika mara nyingi hufa polepole, wakati injini ya pistoni iliyokatika fimbo husimama papo hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Lockheed iliweka injini ya Curtiss-Wright yenye nguvu za farasi 185 katika ndege yake ya majaribio ya kimyakimya, Q-Star. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ndege ya kwanza kuruka kwa rotari ya Wankel. Leo injini ndogo za aina hiyo zimo katika ndege nyiririzi za Ujerumani kama ASH 26 E na katika droni.

Lakini anayejijengea ndege ya watu wanne anataka injini kubwa, na hapo ndipo hesabu inapoanza. Ujazo wa chumba kimoja cha rotari unatokana na vipimo vitatu: umbali kutoka katikati ya rota hadi ncha, kiasi tumbo la shafti lilivyotoka pembeni, na unene wa rota. Zidisha vyote vitatu, kisha zidisha kwa 5.196. Katika injini maarufu ya Mazda, 13B, vipimo ni milimita 105, 15 na 80. Jawabu ni kama sentimita 654 za mchemraba. Kwa rota mbili, 1,308. Angani injini hiyo hutoa nguvu za farasi 160 hadi 200.

Unataka zaidi. Njia ya kwanza ni kuinenepesha rota na kuacha umbo lilivyo. Ukitaka chumba cha lita moja, unene utapanda kutoka milimita 80 hadi karibu 122. Ni rahisi kuchonga, maana mchoro wa karanga haubadiliki, lakini sili ndefu hupinda kwa joto, shafti hupinda katikati, na moto unachelewa kufika pembeni mwa chumba. Njia ya pili ni kukuza kila kipimo kwa asilimia 15. Chumba kinakuwa na umbo bora, ila ncha sasa zinakimbia njia ndefu zaidi ukutani kwa kila mzunguko, na kinachoua sili ni mwendo huo. Lazima upunguze mizunguko. Mazda wenyewe walielekea huku katika injini yao ya mwaka 2023: milimita 120, 17.5 na 76. Yaani rota pana na nyembamba zaidi, sentimita 830 kwa chumba kimoja.

Njia ya tatu ni kuongeza rota. Mazda walitengeneza gari la rota tatu, ujazo 1,962, mwaka 1990, na injini ya rota nne ndiyo iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991. Mjenzi wa nyumbani mara nyingi huchagua hii, na sisi tungemshauri vivyo hivyo, kwa sababu anatumia sehemu ambazo zimekwisha kujaribiwa na wengine kwa mamilioni ya kilomita. Kazi ngumu inabaki moja, nayo ni shafti. Haiwezi kuwa kipande kimoja chepesi kwa rota tatu, kwa sababu rota na giya zake zinapaswa kupitishwa. Inaungwa, na kiungo hicho ndicho kinachobeba maisha ya rubani.

Waliojaribu ukubwa wa kweli walikuwa na kiwanda nyuma yao. Ingersoll-Rand ilitengeneza rotari ya lita 41 kwa rota moja, ikaendesha pampu za gesi ya ardhini kwa mwendo wa taratibu. Curtiss-Wright ilikuwa na ya lita 5.8 kwa rota. Mwaka 1984 iliiuza idara hiyo kwa John Deere, hao hao wa matrekta ya kijani, ambao nao hawakuifikisha sokoni.

Ukubwa ukipatikana bado kuna joto. Katika pistoni, silinda ileile hupokea hewa baridi na moto kwa zamu, hivyo hujipoza. Katika rotari upande mmoja wa ganda uko kwenye moto wakati wote na wa pili uko kwenye hewa baridi wakati wote, kwa hiyo ganda linataka kupinda. Oili nayo inapoza rota kwa ndani, ndiyo maana rejeta ya oili ni kubwa karibu sawa na ya maji. Moshi hutoka wa moto sana, ekzosi ya kawaida inaungua. Petroli inaliwa zaidi, kwa sababu chumba ni kirefu na bapa na sehemu ya mafuta hupita bila kuungua. Na shafti inazunguka mara 6,000, wakati propela ya ndege ndogo haitaki kuzidi kama 2,700, la sivyo ncha zake hukaribia kasi ya sauti. Lazima pawepo giaboksi katikati. Wajenzi wengi hushindwa kwenye giaboksi na rejeta, na rota zenyewe hazina kosa.

Na kwa yeyote wa Tanzania anayesoma haya akiwa na rula mkononi: chombo chochote kitakachobeba mtu angani kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuondoka ardhini. Injini inaweza kufungwa kwenye benchi na kuendeshwa mamia ya saa bila kumhatarisha mtu. Wankel aliendesha zake hivyo.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilimpa Wankel, yule aliyeacha shule, shahada ya heshima ya udaktari. Mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani Magharibi ikampa nishani. Sare aliyowahi kuivaa haikuzungumzwa sana katika hafla hizo. Alipenda wanyama kupita kiasi, na mwaka 1972 alianzisha tuzo kwa watafiti wanaotafuta njia za kuacha kuwatumia wanyama katika majaribio. Alihangaika pia na boti ya mwendo kasi yenye rotari, akiijaribu katika ziwa Constance. Alikuwa na Ro 80 yake. Dereva ndiye aliyemwendesha.

Mwaka 1986 taasisi yake ya Lindau iliingia mikononi mwa Daimler-Benz. Alikufa Heidelberg tarehe 9 Oktoba 1988, akiwa na miaka 86, akazikwa katika makaburi ya mlimani ya mji huohuo alikowahi kuwa na banda la vyuma uani.